Ukoko wa Chupa za Dirishani

Mimi naosha chupa. Kwenye karatasi za ofisi kazi hii ina jina refu, lakini ukinikuta kwenye sinki la maabara ya maji, aproni imelowa na vidole vimenyauka, utaona mwenyewe kuwa ni kuosha chupa. Nimeifanya miaka kumi na mmoja. Nina hasira za karibu, hilo wanaonijua hawabishani nalo, ila kwenye usafi wa chupa sijawahi kumpa mtu nafasi ya kunisema. Ndiyo maana nilikuwa na siri.

Siri nitaisema. Kwanza nimseme kaka yangu.

Kaka yangu ni fundi wa chokaa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka maabara kwetu. Anapima unga wa chokaa na kuuingiza kwenye matangi kabla maji hayajaenda mabombani. Jioni hurudi nyumbani na nyusi nyeupe, na kwa sababu hiyo mji mzima unamwita Chokaa. Hata mke wake humwita hivyo. Nimebaki mimi peke yangu ninayemwita kaka.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja nyumbani: kikiharibika kitu, mwenye kosa aseme mwenyewe, asisubiri kuulizwa. Kaka aliishika sheria hiyo kupita kiasi. Alikuwa akisema "ni mimi" hata kwa vitu nilivyoharibu mimi. Nilipokuwa na miaka saba nilivunja kikombe cha bluu, kikombe pekee cha maana tulichokuwa nacho, nikafukia vigae nyuma ya jiko. Mama alipovifukua, kaka alisema ni yeye. Akateka maji ya nyumba nzima mwezi mzima, mimi nikimwangalia. Yeye alijifunza kukiri, mimi nikajifunza kufukia.

Sasa, kiangazi kilichopita bwawa letu liligeuka jeupe.

Ni bwawa la kawaida, liko nyuma ya mtambo, linalishwa na kijito kinachoshuka kutoka vilima vya mawe. Mvua ilikuwa imetupa mgongo, upepo ulitulia, jua likawaka siku baada ya siku. Jumatatu moja mchana walinzi wakaona maji yote yamekuwa kama yale ya kuoshea mchele. Kufikia Jumatano machujio ya mtambo yalizidiwa na mabomba ya mjini yakaanza kutoa maji yenye ukungu mweupe. Watu wakaja juu, na walikuwa na haki.

Penye watu wengi wenye hasira hakukosi mtu wa kunyooshewa kidole. Mlinzi mmoja akasema amemwona Chokaa, na si mara moja, akisuuza mifuko mitupu ya chokaa ukingoni mwa bwawa. Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Kila Jumamosi kaka alisuuza mifuko mitatu au minne, akampelekea wifi yangu aishone vikapu. Ni kinyume cha utaratibu, na kila mtu pale alikuwa na kikapu kimoja nyumbani kwake, mlinzi mwenyewe akiwemo. Lakini maji yakishakuwa meupe, nani atakumbuka kikapu?

Kaka akasimamishwa kazi. Akapewa barua ya kutakiwa kujieleza, na kamati ya nidhamu ikapangwa kukaa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumapili wifi alikuja kwangu hajafunga hata kilemba sawasawa.

"Wifi, njoo umwone ndugu yako. Anakunywa."

"Kaka? Huyo hajawahi kulamba hata kifuniko cha chupa ya bia!"

"Nani kakwambia pombe? Anakunywa maji."

Nilimkuta mezani, jagi la maji meupe mbele yake. Wifi akanieleza kwamba kila asubuhi, kabla mtu yeyote ndani ya nyumba hajagusa bomba, kaka hujaza jagi lile na kulimaliza peke yake. Kisha huchukua kitambaa safi na ndoo, akapita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa mtaa wetu, akawachujia maji yao. Baadhi walimshukuru. Mmoja alimfungia mlango.

"Kaka, unafanya nini?"

"Kama ni sumu, ianze na mimi."

"Nani kasema ni sumu?"

"Mdogo wangu, nimewachafulia watu maji ya kunywa. Wewe hujaona watoto wanavyokunja uso wakinywa?"

Alinionyesha barua yake ya kujieleza. Haikuwa na kujieleza hata kidogo. Ilikuwa na mistari miwili: kwamba yeye ndiye aliyelichafua bwawa la mji kwa mifuko yake, na kwamba anaomba radhi kwa kila nyumba. Pa kutia sahihi palikuwa wazi. Angetia mbele ya kamati, akaniambia, ili waone hajalazimishwa na mtu.

Nilimfokea. Nilimwambia mifuko minne haiwezi kuligeuza bwawa zima, ni sawa na kutia kijiko cha maziwa kisimani ukitegemea kunywa chai. Akaniuliza, kwa upole ule unaoniudhi, "Basi nini kimeligeuza?"

Nikachukua pochi yangu. Nilitoka pale nimekasirika na macho yamejaa machozi, kwa sababu nilimwona amekonda, na nilijua kwamba akitia sahihi ile hatafukuzwa kazi tu. Atayabeba yale maji meupe mpaka kaburini.

Sasa siri yangu.

Kila wiki dereva wetu huzunguka na sanduku la chupa, anachota maji sehemu sita. Kituo cha kwanza ni kule juu kabisa kwenye kijito, nusu saa ya kupanda kutoka bwawani. Cha mwisho ni bomba la sokoni. Mkemia wetu akishapima, maji yanayobaki hukaa ndani ya chupa zao wiki moja, huenda ikahitajika kurudia kipimo. Kabati halitoshi, kwa hiyo chupa nyingine hukaa kabatini na nyingine nazipanga dirishani, upande wa jua.

Mwaka wangu wa kwanza niliona chupa za dirishani zimeota ukoko mweupe ndani, mgumu, kama ule wa kwenye birika. Za kabatini hazikuwa nao. Nilijua nimeosha vibaya, kwamba sabuni imebaki. Na mkemia yule, mwanamke mdogo kwangu kwa umri lakini mkali kama siki, alikuwa amemwondoa mwosha chupa aliyenitangulia kwa sababu ya alama moja ya kidole. Nikatafuta dawa kimyakimya. Siki hasa ndiyo iliyofaa: ukiimimina, ukoko unatoa povu, unachemka, unaisha. Tangu siku hiyo kila Jumatatu nilifika saa moja kabla ya mkemia, chupa ya siki ndani ya pochi, nikaondoa ukoko wa wiki nzima. Miaka kumi na mmoja. Nilinunua siki nyingi kuliko mafuta ya kupikia, na nyumbani walidhani napenda kachumbari.

Jumatatu ile baada ya kumwona kaka, nilisimama kwenye sinki kama kawaida. Ukoko ulikuwa mnene kuliko siku zote. Nikachukua chupa ya kwanza, nikafungua siki, na jicho likaangukia lebo.

Kituo cha kwanza.

Niliisoma tena. Maji ya kule juu, kwenye kijito, ambako kaka yangu hajawahi kufika na mfuko wala bila mfuko. Na maji hayapandi mlima. Kama weupe ulikuwa wa mifuko ya kaka, ulifikaje humu? Nikaitazama siki mkononi, nikakumbuka Jumatatu zote zilizopita. Nilikuwa nimemwagia sinki jibu la kaka yangu, wiki baada ya wiki, kwa mikono yangu.

Kusema kulimaanisha kumwambia mkemia kwamba tangu aliponiajiri nimekuwa nikichezea chupa zake kwa siri. Nilifikiria kunyamaza. Nisidanganye, nilifikiria kwa muda mrefu kiasi cha kusikia funguo zake mlangoni. Mficha uchi hazai, nikajiambia, nikarudisha kifuniko kwenye siki.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka funguo mezani, akaanza kuzihesabu chupa za dirishani moja moja, mpaka nikatamani anitukane.

"Miaka kumi na mmoja," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na za kabatini hazioti?"

"Hazijawahi kuota. Hata moja."

Akainyanyua ile chupa kuelekea kwenye mwanga. Akakwangua ukoko kidogo kwa kijiti, pamoja na utelezi wa kijani uliokuwa umeshikana nao, akauweka kwenye kioo na kuutia chini ya hadubini. Akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akasogeza kiti chake na kuniambia, "Njoo uone, dada."

Niliona vidude vya kijani vya mviringo, vingi, vimejipanga. Na juu ya kila kimoja, punje nyeupe zimeng'ang'ania, kama mkate uliomwagiwa ufuta.

"Huu ni mwani," akasema. "Mdogo kiasi kwamba kwenye glasi huuoni. Unakula kwa jua. Ukipata mwanga, unavuta hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani ya maji. Sasa, maji yetu yanatoka kwenye mawe, yamebeba mawe hayo yakiwa yameyeyuka, na kinachoyasaidia kuyabeba ni hewa hiyohiyo. Mwani ukiimaliza, maji yanashindwa na mzigo. Mawe yanarudi kuwa mawe. Unapata chokaa, ile ya aina ya chaki."

"Na kabatini?"

"Kabatini hakuna jua. Mwani hauli, unapumua tu kama mimi na wewe, hewa inazidi, mawe yanabaki yameyeyuka."

"Kwa hiyo bwawa..."

"Bwawa ni chupa yako ya dirishani. Kubwa tu." Akaitazama saa ya ukutani, kisha akauliza jambo alilolijua vizuri. "Dereva anachota saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya jua. Anasema mchana kuna foleni."

Akafunika uso kwa viganja. "Usiku kucha maji yamepumua, yamejirudi. Na mimi napima saa mbili asubuhi, naandika kila kitu ni kawaida. Nimekuwa nikiyapima yakiwa bado hayajaamka." Akatoa viganja usoni. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke yule angeweza kuona haya, nikamhurumia, ingawa nilikuwa na sababu nzuri za kujihurumia mwenyewe kwanza.

Ijumaa tuliingia wote wawili kwenye chumba cha kamati bila kualikwa. Meneja wa maji alikuwa mwisho wa meza ndefu, wajumbe wawili pembeni, na kaka yangu kwenye kiti cha peke yake, shati limepigwa pasi, barua imekunjuliwa mbele yake. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Huyu ni nani?" meneja akauliza.

"Mwosha chupa," nikasema. "Na ushahidi mnaoutafuta nimekuwa nikiuosha. Ni mimi."

Maneno hayo mawili ya mwisho sikuwahi kuyatamka mbele ya watu maishani mwangu. Nikaendelea kabla sijapoteza nguvu, nikaeleza ukoko, siki, kituo cha kwanza. Nikaweka chupa mezani.

Kaka akasimama. "Msimsikilize, wakubwa. Huyu ni mdogo wangu, ananionea huruma tu. Kosa ni langu."

"Kaka, kaa chini!" nikasema, kwa sauti ambayo si ya ofisini. Akakaa. Wajumbe nao, nakumbuka, walikaa vizuri.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu na mji mzima wiki mbili mfululizo. Aliizungusha chupa, akasema kinachotakiwa kusemwa: kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba dada wa mshtakiwa anaweza kutia chochote ndani ya chupa. Na kama si hivyo, jua linachemsha maji dirishani na birika pia huota ukoko bila mwani wowote.

Mkemia alikuwa amelisubiri hilo. "Basi chota mwenyewe," akamwambia. "Chupa tatu, kutoka kijitoni juu. Moja weka dirishani kwako kama ilivyo. Ya pili ipitishe kwenye karatasi ya kuchujia mbele ya macho yako, mwani ubaki kwenye karatasi, kisha iweke dirisha hilohilo. Jua lao ni moja. Ya tatu funga kwa kitambaa cheusi. Ufunguo wa ofisi kaa nao wewe."

Meneja alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vya kupandia mlima. Lakini alikwenda, mchana huohuo. Barua ya kaka ikaingia kwenye droo bila sahihi, na kamati ikaahirishwa kwa siku kumi na mbili.

Siku hizo nisingemtakia adui yangu. Kaka aliendelea kunywa jagi lake. Nilimweleza habari za mwani, akanisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mtoto akikuhadithia ndoto. Wifi alianza kunipikia, na wifi yangu hunipikia pale tu anapodhani kuna msiba unakuja. Katibu wa meneja alituambia kwamba bosi wake siku hizi anaanza kazi dirishani.

Kamati ilipokaa tena, chupa zilikuwa mezani. Ile iliyofungwa kitambaa cheusi ikafunuliwa: safi. Ile iliyochujwa: safi, ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Ile iliyowekwa dirishani kama ilivyo ilikuwa na kijani chini na ukoko mweupe umezunguka kuta zote. Meneja alinyoosha mkono kwangu, nikampa siki kutoka kwenye pochi. Akamimina kidogo. Ukoko ukachemka.

"Mimi mwenyewe niliichota," akasema, kama vile kuna mtu aliyembishia.

Kaka yangu alilitazama lile povu mpaka likaisha. Kisha akamgeukia mkemia, akauliza swali ambalo hakuna mjumbe aliyelitegemea.

"Hawa wadudu, hiyo chokaa wanaitengeneza ya nini?"

"Si wadudu hasa, ila..." Mkemia akavuta kiti. "Wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Kuna aina zinazojitengenezea magamba kabisa, wengine wanasema ni ngao wasiliwe, wengine wanasema ni kivuli dhidi ya jua kali, wengine wanasema yanawasaidia kupata hewa zaidi. Huenda kila aina ina sababu yake. Hawa wetu wa bwawani, kwa maoni yangu, hawakusudii. Wanakula tu. Jiwe linabaki, kama maganda baada ya karanga."

"Hawakusudii."

"Hapana."

"Na aliyeyanywa hayo maji?"

"Chaki haimdhuru mtu. Tutaongeza machujio na kuanza kupima mchana, mvua ikinyesha maji yatarudi kuwa safi." Akasita. "Ulikunywa?"

"Kidogo," kaka akasema, na wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaguna.

Kaka alipewa onyo la maandishi kwa kusuuza mifuko, nami nikapewa langu kwa ajili ya siki. Meneja aliichana ile barua ya mistari miwili kwa mkono wake, vipande vinne. Kaka akaviomba. Sikumwelewa, mpaka tulipofika nje nikaona anavitia kwenye pipa la taka mwenyewe, kimoja kimoja.

Tulitembea hadi kwake. Mabega yake yalikuwa yameshuka, si kwa uchovu, bali kama ya mtu aliyetua ndoo. Wifi akachuja maji, akatia chai, akatuwekea vikombe viwili kisha akatuacha. Kaka akakigeuza kikombe chake mezani.

"Ulidhani ukoko ni uchafu wako," akasema. "Miaka yote hiyo."

"Na wewe ulidhani bwawa ni uchafu wako."

Akacheka. Nilikuwa sijausikia mcheko wake tangu bwawa lilipogeuka, na ulinitoa machozi ambayo kwenye kamati niliyabana. Nikayafuta kwa ncha ya khanga. Yeye akanywa chai, akatulia, akakitazama tena kikombe.

"Na kile cha bluu?" akauliza.

Alijua. Alikuwa akijua tangu siku ile nyuma ya jiko, alipokuwa akiteka maji na mimi nikimwangalia.

"Ni mimi," nikasema.

"Haya," akasema kaka, akanisogezea sukari. "Nimekusubiri miaka arobaini."